Naam, Hawa Waweza Kusahau

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Isaya 49:15: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe."

Ziko nyumba ambamo andiko hili limetimia kama lilivyo. Mama aliyekuzaa anakutazama usoni na kukuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Anadai hajala, na sahani yenye mabaki ya ugali bado iko mbele yake. Giza likiingia anataka kurudi kwao, kwenye nyumba iliyobomolewa zamani.

Huo ni ugonjwa wa ubongo, madaktari wanauita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nao, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Si laana, si mapepo, si uchawi. Nalisema hili kwa uchungu, maana Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayetangatanga usiku akizungumza peke yake ni rahisi kunyooshewa kidole. Kanisa likinyamaza hapo, linatenda dhambi. Tumwombee, na hospitali tumpeleke: kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo au dawa anazotumia, na hayo yana tiba.

Akiuliza marehemu mumewe yuko wapi, usimtangazie msiba upya kila siku. Mwambie, "Umemkumbuka baba? Hebu nisimulie habari zake." Mwimbie tenzi za ujana wake; wapo waliosahau majina ya watoto wao lakini ubeti wanaumaliza. Mpelekeeni Meza ya Bwana hata kama hajui leo ni siku gani. Wokovu wake haukushikwa na kumbukumbu zake, umeshikwa na Yeye aliyesema "sitakusahau".

Na anayemtunza je? Mara nyingi ni binti au mkamwana mmoja, usiku halali, na ibada ameikosa muda mrefu wala si kwa kupoa kiroho. Naomba jumuiya zetu zipange zamu kuanzia Jumapili hii: mmoja wetu akae na bibi, amnyweshe uji, ambadilishe nguo akijichafua, ili binti yake aje kuabudu, au hata alale tu.