"Huenda" ya Kalebu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii tusome Yoshua 14, mstari wa 6 hadi wa 13. Mkipata nafasi rudini kwenye Hesabu 13, maana bila sura hiyo mtamwona Kalebu kama mzee mbishi tu anayegombea kiwanja.

Kalebu, mmoja wa wapelelezi kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuichunguza nchi ya Kanaani, sasa ana miaka 85. Nchi inagawanywa, na baada ya jasho lote lile angeweza kuomba bonde lenye maji akapumzika. Yeye anaomba mlima wa Hebroni. Huko ndiko waliko Waanaki, yale majitu ambayo miaka 45 nyuma yaliwarudisha wapelelezi kumi kambini wakilia kwamba walijiona kama mapanzi. Milima yote ile, na mzee anautaka uleule uliowatia watu kiwewe.

Ila kilichonishika mimi ni kidogo kuliko mlima. Kalebu hasemi kwamba ana hakika ya kushinda. Anasema huenda Bwana atakuwa pamoja naye. Huenda! Mtu ambaye maandiko yanamshuhudia kwamba alimfuata Mungu kwa utimilifu. Nimehubiriwa imani tangu utotoni na sikumbuki mhubiri aliyesimama hata dakika moja kwenye neno hilo.

Wengi wenu mnanijua. Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 60, na haukupita muda mume wangu akatangulia mbele za haki. Aliniachia nyumba hapa Tabora mjini na mizinga ya magome huko porini, upande wa Sikonge, imetundikwa juu kwenye miti ya mtundu. Wanangu wakasema, Mama, uza. Nikakubali. Kila aliyeuliza nilimwambia naogopa nyuki, na kila mtu alielewa. Mimi niliyechoma watu sindano maisha yangu yote, nyuki mmoja akiingia jikoni natoka nje na mwiko mkononi.

Lakini nyuki niliwasingizia. Niliogopa watu. Niliogopa isikike kanisani kwamba bibi mwenye wajukuu sita kavaa suruali kaingia porini na vijana kurina asali. Na zaidi ya hapo niliogopa kuwa mwanafunzi tena, mimi niliyezoea kuitwa Sista na kuamuru wodi nzima. Wapelelezi walikuwa wakweli kwa hilo: walisema wao wenyewe ndio waliojiona mapanzi kwanza.

Mzee mmoja aliyekuwa akirina na mume wangu ndiye aliyenichokonoa. "Mayo," akaniambia, yaani mama, "nani kakuambia upande mti? Weka mizinga ya mbao, tuitundike kwa waya usawa wa kiuno." Nikakosa la kujibu, maana sababu yangu nzuri ilikuwa imekufa mbele yangu.

Tulienda jua likizama. Nilivaa ovaroli, kofia ya wavu, glovu na buti za mvua, nikatembea kama mtoto anayejifunza kusimama. Mzee akawasha bomba la moshi, akanieleza kwamba nyuki wakisikia moshi hukimbilia kunywa asali, na aliyeshiba hana haraka ya kupigana. Akafungua mfuniko. Ule mvumo! Unaanzia masikioni unaishia tumboni. Akanipa sega la kwanza nilishike, zito, la moto kidogo kama mtoto mwenye homa, na hapohapo mmoja akanipata kwenye kifundo cha mkono, pale glovu ilipoachana na nguo. Nikaukwangua mwiba kwa ukucha. Nikangoja kufa. Nikaona bado nimeshika sega. (Mwenye mzio wa nyuki asiige haya, nasema kama muuguzi.)

Tunasema fuata nyuki ule asali. Aliyetunga methali hiyo aliona vyema kutotaja mwiba.

Naomba tu radhi kwa Kalebu pale kwenye mstari wa 11, anaposema nguvu zake ni zilezile za siku aliyotumwa na Musa. Magoti yangu hayawezi kutoa ushuhuda huo. Ndiyo maana napenda alivyofanya sura inayofuata: Waanaki aliwafukuza, lakini ilipofika mji wa Debiri akatangaza zawadi kwa atakayeupiga, na Othnieli ndiye aliyeutwaa. Mlima aliuomba mzee, mji mmoja akaupiga mwingine. Mizinga ya magome ya marehemu bado anaipanda mjukuu wangu wa kidato cha nne, mimi nimesimama chini na ndoo nikimpigia kelele ashike kamba.

Nina mizinga minne ya mbao sasa. Mitatu ina nyuki. Wa nne tumeutundika tangu kabla ya Pasaka na hawajaingia. Mzinga mtupu haulazimishi nyuki. Unaupaka nta ndani ili harufu iwavute, unazuia sisimizi wasipande, unaondoka. Wao ndio wanaoamua.

Jumamosi tunarudi. Nimeyeyusha nta nyingine jioni hii, sufuria bado inanukia, na mjukuu kaniuliza, "Bibi, safari hii wataingia?"

Nimemjibu kwa neno la Kalebu.