Tulivyoomba fedha za dharura ili kijiji kipate maji salama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu wilayani Rufiji, ng'ambo ya kusini ya Daraja la Mkapa. Kwenye karatasi za serikali tunaitwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, lakini hapa ukisema kamati ya maji kila mtu anakuelewa. Nawaandikia makatibu wenzangu, kwa sababu mwezi Aprili 2024 sikuwa na wa kumuuliza.

Mwezi huo Mto Rufiji ulitoka kwenye kingo zake. Wazee walioyaona mafuriko ya 1968, yale yaliyofuatiwa na Operesheni Rufiji na watu kuhamishwa bondeni, walisema haya yamefika walipofika yale. Mashamba ya mpunga na mahindi yalizama, nyumba za udongo zikalala. Kisima chetu kirefu, chenye pampu ya sola na tangi la lita 50,000, kilifunikwa mdomo kwa siku kumi na moja. Maji yalipopungua tulikuta kontrola ya pampu imejaa tope, bomba limekatika pale linapovuka korongo, na vichoteo vyote sita vimekauka. Watu wakarudi kwenye visima vya mkono ambavyo mafuriko yalikuwa yamepita juu yake na juu ya vyoo kwa pamoja. Sihitaji kueleza zaidi.

Mtendaji wa kijiji alipata habari kwamba shirika moja la misaada lenye ofisi Dar es Salaam lina dirisha la ruzuku ya dharura kwa ajili ya maji. Fomu ilikuwa ya kurasa nne. Nikaketi na mwenyekiti wa kamati usiku mmoja kwa mwanga wa simu, tukaandika kilio chetu chote: mazao yaliyopotea, watoto wanaoumwa, akina mama wanaotembea. Mwisho tukaomba shilingi milioni 180 tuchimbiwe kisima kipya kwenye muinuko, mbali na bonde. Niliposoma nilichoandika machozi yalinitoka, nikaamini na wao watalia.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mistari miwili: ombi halilingani na madhumuni ya dirisha la dharura.

Kitu nilichofanya siku iliyofuata ndicho ninachomshauri kila mtu akifanye. Nilipiga simu. Nilijitambulisha, nikasema sipigi kulalamika, nataka kujua tulikosea wapi. Binti aliyepokea aliniita Mwalimu mpaka mwisho wa mazungumzo, akanipa dakika ishirini. Alisema: "Mwalimu, hamjaandika mlikuwa mnapata maji kiasi gani kabla ya mafuriko, sasa mnapata kiasi gani, na ni nini hasa kikitengenezwa maji yatarudi." Akaeleza kwamba fedha za dharura ni za kurudisha huduma iliyokatika, na kazi yote iishe ndani ya siku tisini. Kisima kipya ni maendeleo. Kina mlango wake, na mlango wake siyo huu.

Nilikata simu nikiwa na aibu kidogo na furaha kubwa. Tulikuwa tumeomba nyumba kwa mtu anayegawa mabati ya kuziba paa.

Tulianza upya kwa kuhesabu watu. Daftari la kijiji lilikuwa na watu zaidi ya 2,900, na mwenyekiti alitaka tuandike idadi hiyo, kwa hoja kwamba ukubwa wa idadi ndio ukubwa wa msaada. Sikukubali. Wengi walikuwa wamehamia kwa ndugu au kwenye kambi, na wengine hatukujua kama watarudi. Tukawaomba wenyeviti wa vitongoji wapite kaya kwa kaya, wahesabu waliolala hapo usiku uliopita. Tulipata 1,846. Nikaichukua ile idadi nikaizidisha kwa lita 15, kiwango cha chini cha maji kwa mtu mmoja kwa siku kinachotumiwa na mashirika ya misaada kwenye maafa, ikaja lita 27,690. Kumbe tangi letu linatosha na kubaki! Hapo ndipo mwenyekiti alipolegea. Hoja ikawa nyepesi: tangi lipo, mnara upo, paneli za sola zimesalimika, kinachokosekana ni vitu vinne vinavyohesabika.

Zahanati ilitusaidia sana. Mganga mfawidhi alifungua rejesta yake akatuhesabia wagonjwa wa kuhara kwa wiki tatu baada ya mafuriko: 61. Wiki hizo hizo mwaka uliotangulia walikuwa 14. Hakutupa jina la mgonjwa hata mmoja, alitupa hesabu tu, akaandika barua na kugonga muhuri. Mistari miwili ya barua yake ilifanya kazi ambayo kurasa zangu za kilio hazikuweza.

Kazi iliyotutesa ilikuwa kupima maji. Nilidhani unachota, unapeleka, unapewa majibu. Safari ya kwanza nilichukua maji ya visima viwili vya mkono kwenye chupa za soda nilizozisuuza vizuri, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam mchana, nikalala kwa shangazi yangu Mbagala, asubuhi nikafika maabara ya maji. Hawakupokea, na walikuwa na haki. Kwanza chupa haikutakaswa, kwa hiyo kikipatikana kimelea hakuna atakayejua kimetoka kisimani au kwenye chupa. Pili, maji yaliyolala usiku kucha kwenye joto yanabadilika. Vimelea vinaweza kuongezeka au kufa. Mtaalamu alinipa chupa zilizotakaswa, akanifundisha: usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, usijaze mpaka juu, andika mahali, tarehe na saa, weka kwenye barafu, jitahidi yafike ndani ya saa sita. Nauli ile iliniuma, maana ilikuwa yangu.

Safari ya pili tuliipanga kama safari ya harusi. Kijana anayeuza barafu za ubuyu alituazima deli lake, tukalisugua kwa sabuni, akatugandishia na barafu. Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa kisimani na tochi. Saa kumi na moja nilikuwa juu ya bodaboda, deli nimelipakata, kisha basi la kwanza. Saa nne kasorobo nilikuwa mlangoni kwa maabara. Majibu yalipotoka, visima vyote viwili vilikuwa na E. coli, kimelea kinachoonyesha kwamba kinyesi kimeingia kwenye maji. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni sifuri katika mililita 100. Kimoja cha visima vyetu kiliandikwa vingi visivyohesabika. Kisima hicho ndicho kilichokuwa karibu na shule yangu.

Kisima kirefu hatukuweza kukipima kwa sababu pampu ilikuwa imekufa. Nililiandika hilo wazi kwenye fomu, nikaongeza kwamba kitapimwa kikishasafishwa na kabla mtu yeyote hajanywa. Baadaye niliambiwa kwamba sentensi hiyo iliwapa imani.

Makadirio ya gharama nayo yalikuwa na vituko vyake. Fundi wa pampu tuliyemzoea anaishi Lindi. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikapiga pwani karibu na Mafia, mvua ikakata barabara ya kwenda kusini kule Kilwa, naye hakuweza kuja hata kukagua. Tukatafuta wengine Dar es Salaam. Fomu ilitaka profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji watatu, kwa kila kitu kikubwa, na hapa nasema kwa uzoefu: usipokee profoma isiyo na TIN (namba ya mlipakodi), muhuri na tarehe ya mwisho ya bei. Muuzaji mmoja wa klorini alitaka tununue pipa zima la kilo 45. Mtaalamu wa RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wilayani alikaa nami tukapiga hesabu. Kwa lita 27,690 kwa siku, tukiweka miligramu 2 za klorini kwa lita, na unga wenye nguvu ya asilimia 65, tunahitaji takriban gramu 85 kwa siku. Kwa siku 90 haifiki kilo 8. Tukaomba 10. Unga wa klorini hupoteza nguvu ukikaa vibaya, na pipa lile lingetuozea stoo.

Barua nyingine nitazipitia haraka. Tulihitaji cheti cha usajili wa kamati, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye sahihi za waliohudhuria, barua ya RUWASA na barua ya kuthibitisha maafa kutoka wilayani. Ofisi moja ilikaa na barua yetu siku kumi na moja. Niliipata siku niliyoenda na kuketi kwenye benchi mpaka saa tisa, kwa adabu, bila kugombana na mtu. Na akaunti yetu ya benki ilikuwa imelala kwa kukosa miamala, huku mtia sahihi mmoja akiwa amehama kijiji tangu mwaka uliopita. Kuiamsha kulichukua siku sita. Kama una kamati ya maji, nenda kaangalie akaunti yako wiki hii, mvua zikiwa bado mbali.

Tulituma ombi la pili tarehe 17 Mei. Safari hii tuliomba shilingi 19,870,000. Ndani yake kulikuwa na kontrola mpya na ukaguzi wa pampu, kusafisha kisima kwa kompresa, bomba la kuvuka korongo, na zege la kuinua mdomo wa kisima nusu mita juu ya alama ya mafuriko tuliyoichora ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kulikuwa pia na klorini, kifaa cha kuipima na vipimo vitatu vya maabara. Mchango wa wananchi ulikuwa mchanga, kokoto na kuchimba mtaro, nao tukaupa thamani ya fedha.

Walituma mtu kukagua. Alitembea na wenyeviti wa vitongoji, akaingia kaya kumi alizochagua mwenyewe na kuhesabu vichwa. Idadi zililingana na zetu kwa kaya tisa. Ya kumi ilikuwa imeongezeka kwa sababu mama alikuwa amejifungua. Nilimtazama mwenyekiti, akainamisha kichwa akitabasamu.

Fedha ziliingia tarehe 21 Juni, asilimia 60 kwanza, zilizobaki baada ya taarifa na risiti. Kompresa ilipoanza kusukuma, kisima kilitapika tope jekundu siku nzima, kisha maji ya kijivu, kisha meupe. Tuliweka klorini kali, tukakifunga usiku kucha, tukayamwaga yote, tukapima. Nilipeleka sampuli mwenyewe na deli lile lile. Sifuri.

Tarehe 14 Julai vichoteo vilifunguliwa. Siku hiyo sikwenda kucheza ngoma na wenzangu, nilikuwa kwenye kichoteo cha mwisho kabisa na kile kifaa kidogo cha plastiki, nikidondosha kidonge na kutazama rangi. Kule mbali ndiko klorini inakoweza kuisha njiani, na tulitakiwa kukuta angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ilisoma 0.4. Bibi mmoja aliyekuwa na ndoo akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini humo?" Nikamwambia natafuta dawa, bibi, nataka kuona kama imefika huku kwako. Akasema harufu yake ameisikia tangu alipofungua koki, akajitwisha ndoo akaondoka.

Risiti zote tulizisoma mbele ya mkutano wa kijiji, moja moja, na shilingi 212,000 zilizobaki tukaomba kibali cha kununulia koki za akiba. Kisima cha kwenye muinuko bado tunakitaka. Mwezi Septemba nilitoa nakala ya faili lote, idadi ya kaya, barua ya zahanati, majibu ya maabara na picha ya alama ya mafuriko ukutani, nikalipeleka RUWASA wilayani ili liingie kwenye mpango wa bajeti. Meneja alilifungua mbele yangu, akalisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akaniuliza kama kuna ramani ya eneo la muinuko. Nilikuwa nayo kwenye mkoba.