Barua ya Memsaab

Mwaka 1961 nilikuwa nikisoma shule ya shambani wilayani Trans Nzoia, na shuleni kwetu Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa kosa. Ukiteleza neno moja, ulivishwa diski: kipande cha ubao chenye tundu na kamba. Ulikaa nacho shingoni mpaka umnase mwenzako umvike yeye. Aliyelala nacho nyumbani alichapwa asubuhi mbele ya gwaride. Tulijifunza kuviziana, hata mtoni kwenye kuogelea. Viboko vilipoa, lile la kumtega rafiki yako aseme lugha ya mama yake bado linaniuma.

Siku moja kikanilalia mimi. Nikapitia zizini kwa baba, aliyekuwa mkamuaji, na memsaab akawa amekuja kupima maziwa. Alikuwa mzaliwa wa karibu na Bala, kaskazini mwa Wales, aliyeletwa Kenya na ndoa, kwenye shamba lenye hati ya kukodi ya miaka 999, kama zile za sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915. Mumewe alipoanza kuugua, kazi yote ilimwangukia yeye: daftari la mishahara, sindano za ng'ombe, magunia ya mahindi. Alikuwa mkali na hakupumzika. Madebe ya maziwa aliyahesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha ambayo hata Wazungu wenzake hawakuielewa.

Akaishika ile kamba. "Nani nafunga wewe hii?" aliuliza, kwa Kiswahili chao cha kisetla.

Nikamweleza kwa Kiingereza cha darasani. Akaketi kwenye kigoda cha baba, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akasema bibi yake, mama wa mama yake, alivishwa kibao kama hicho shuleni huko Wales, kimechongwa herufi WN, yaani "Welsh Not", marufuku ya Kiwelisi, kwa sababu ya kusema lugha hiyo ya kwao. Nacho kilipita mtoto hadi mtoto, na wa mwisho ndiye aliyechapwa. Bibi huyo alizeeka, akasahau mengi, lakini jina la msichana aliyemvika hakulisahau.

Akachukua kisu, akaikata kamba, akatia diski mfukoni. Mimi nikaanza kutetemeka. Kesho ningesema nini? Baba akavua kofia, akaomba kirudishwe. "Memsaab, mtoto atapigwa." Hakukirudisha. Aliniandikia barua nimpelekee mwalimu.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Shule ilikuwa juu ya ardhi ya memsaab, na mabati yake ni yeye aliyeyatoa. Asubuhi ile sikuchapwa, na diski haikuonekana tena kwa muda.

Nilimpenda mama yule kwa siku ile, na sioni sababu ya kuficha. Lakini baba hakusherehekea. Miaka minne kabla yake, mwaka 1957, Bunge la London lilikuwa limepitisha sheria ya kulizamisha bonde la jirani na kwao memsaab huko Wales, pamoja na kijiji cha Capel Celyn, ili jiji la Liverpool lipate maji. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeiunga mkono. Memsaab alilia waziwazi, wapishi wakamwona, na baba alimpa pole kwa dhati. Muda si mrefu baadaye, maskwota wote wa shamba, yaani vibarua walioishi na kufuga humo, waliamriwa wapunguze mifugo. Usiku ule wa diski, baba aliniambia, "Barua ya kunipunguzia ng'ombe nayo aliiandika kwa mkono uleule."

Nimeyafikiri maneno yale maisha yangu yote. Uchungu wa bibi yake ulikuwa wa kweli, nami naamini hakuwa akiigiza. Ila mwalimu hakumtii mjukuu wa mtoto aliyechapwa Wales. Alimtii mwenye shamba.

Muhula haukuisha. Mtihani wa KAPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa kwa Kiingereza, na mwalimu alitaka matokeo. Kikachongwa kibao kingine, na wa kwanza kukivaa alikuwa mtoto wa nyapara, aliyeita "mayi", yaani mama kwa Kibukusu, alipoumia mguu kwenye mpira.