Nusura nichome nyumba jana

Jamani jana nimejifanya fundi. Mpira wa gesi ulikuwa umechakaa nikasema si mpira tu, nikanunua mwingine nikauchomeka kwenye mtungi wa kilo 15, klipu sikuwa nayo nikakaza na kipande cha mpira wa baiskeli (najua, msinicheke). Saa mbili usiku narudi jikoni nasikia harufu, mkono ushafika kwenye swichi ya taa, shemeji anapiga kelele "usiwashe!!" maana cheche ndogo tu ya swichi inatosha, na gesi hii ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni haipandi juu, kwa hiyo dirisha pekee halitoshi, tukafunga mtungi tukafungua mlango wa nyuma tukakaa nje na watoto.

Asubuhi tukapaka povu la sabuni kwenye kiungio, mapovu yanacheza hayo, kumbe gesi inavujia hapo! Tena huyu ni mimi niliyelalamika fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) ananichelewesha wakati naunganishiwa umeme TANESCO, eti kwani kufunga waya kuna nini. Klipu yenyewe nimeinunua leo, hela ya chapati mbili tatu tu.