Taimingi ilisoma sawa, injini bado ikagonga: nilivyotatua

Injini ya zamani ya platina (viguso vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) ilitoa mlio wa kugonga kila nilipopanda mlima, ingawa taa ya kupimia taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) ilionyesha alama imetulia pale pale. Plagi mpya, kondensa mpya, wapi!

Iliyodanganya ni puli ya krenki, gurudumu lenye alama ya taimingi kwenye ncha ya mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukingo wake wa nje umeshikwa na raba. Raba ikichoka, ukingo huteleza na alama yake.

Kuhakikisha, tafuta kilele halisi, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa. Toa waya wa betri na plagi zote. Pistoni namba 1 ikiwa chini, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi yake. Zungusha krenki kwa mkono, taratibu, hadi pistoni iguse kizuizi. Chora alama puli inapokutana na kielekezi kilichofungwa kwenye injini. Rudisha kinyume hadi iguse tena, chora ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, kwenye tao fupi, ndipo kilele halisi. Alama ya kiwandani ilikuwa imehama nyuzi 12! Badilisha puli, ndipo ulegeze distribyuta (kigawa umeme wa plagi) upange taimingi.