Mjomba, mpwa na ndege za Kisongo

Naendesha Landkruza ya watalii, na nusu ya kazi hii ni kungoja. Pale uwanja wa ndege wa Kisongo, wageni wa Seronera, kule Serengeti, wakipimiwa mizigo, sisi madereva tunaegemea magari tunabishana mpira. Ndege nyingi zinazotua hapo ni Cessna Caravan: bawa liko juu, halizibi dirisha, mgeni anapiga picha mpaka achoke.

Cessna ni jina la mtu, Clyde Cessna, aliyekulia shambani Kansas, Marekani, baadaye akauza magari Enid, Oklahoma. Mwaka 1911 aliona maonyesho ya ndege, zikamwingia kichwani. Akaenda New York, akanunua bodi iliyoigwa ndege ya Blériot ya Ufaransa, akafunga injini na kuipeleka kwenye uwanda wa chumvi kujifunza kuruka bila mwalimu. Ikaanguka, akaiunga, ikaanguka tena, akaiunga tena.

Mwaka 1925 aliungana na Walter Beech na Lloyd Stearman kuunda kampuni ya ndege, Travel Air, huko Wichita, Kansas. Wenzake walitaka mabawa mawili, moja juu ya jingine. Yeye aling'ang'ania bawa moja, na 1927 akafungua kampuni yake, akatengeneza bawa lisiloshikiliwa na nguzo yoyote. (Caravan, iliyoruka mara ya kwanza 1982, inazo nguzo. Mzee angenuna.)

Uchumi ulipoanguka, kiwanda kikafungwa 1931. Hapo ndipo anaingia mtu wangu: Dwane Wallace, mtoto wa dada yake Clyde, aliyehitimu uhandisi wa ndege 1933. Yeye na ndugu yake Dwight, mwanasheria, wakawashawishi wenye hisa, na 1934 milango ikafunguliwa. Mjomba akapewa urais. Shughuli wakaibeba vijana. Ndege yao ya viti 4, C-34, ikawapa jina. Mwaka 1936 Clyde aliwauzia hisa zake, akarudi kulima.

Hapo namvulia kofia. Arusha hii najua gereji ambayo mwenyewe kazeeka, funguo za stoo bado ziko mfukoni mwake, na mpwa aliyesomea ufundi anatumwa vitumbua.

Nilipomsimulia mwenzangu pale maegesho, alitaka kujua kitu kimoja tu: mishahara je, ilitoka? Ilitoka. Dwane alikuwa anaingia mwenyewe kwenye mbio za ndege, na fedha za ushindi zikasaidia kuwalipa mafundi.