Imani Isitindike

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, zamu ya kuomba ilimfikia mama mmoja, akanyamaza. Kisha akasema, "Leo niombeeni ninyi. Mimi imeniishia." Hakusema ni nini kimemwishia, wala hatukumuuliza. Anamuuguza mumewe tangu mwaka jana.

Nilirudi nyumbani na neno moja la Luka 22:32, pale Bwana anapomwambia Simoni: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Kutindika. Siku hizi ni nadra kulisikia, lakini kwenye Biblia yetu ya Union linatokea pia kule Kana, divai ilipowatindikia wenye harusi. Wageni wapo, mitungi ipo, cha kunywa hakuna. Kumbe Yesu alijua kwamba imani nayo huweza kufika huko, na hakumwambia Petro ajiwekee akiba. Alimwambia, nimekuombea.

Tena alimwombea lini? Kabla ya jogoo, Petro akiwa bado anajigamba kwamba yuko tayari kwenda gerezani, hata kufa. Ombi lilitangulia kosa.

Kinachonigusa zaidi ni kitenzi kinachofuata. Bwana hakusema "ukiongoka". Alisema "utakapoongoka". Mama akimwambia mwanawe, "Utakaporudi, pitia dukani uchukue chumvi," hana wasiwasi mtoto huyo atalala wapi. Petro alikabidhiwa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake hata kabla hajaanguka.

Najua wapo watakaosema mafundisho haya yanalea uzembe. Mimi namwangalia Petro. Bwana alipogeuka akamtazama, hakusema "si nimeshaombewa?" akaendelea kuota moto. Alitoka nje akalia kwa majonzi. Baadaye Paulo atawaandikia Warumi kwamba hakuna kiumbe kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu. Petro alikwisha kuyajua hayo, na aliyajulia kwenye aibu.

Maana Yohana anatuambia moto ule wa uani kwa kuhani mkuu, alipokana, ulikuwa wa makaa. Na anapofika sura ya 21, pwani ya bahari ya Tiberia, anataja tena moto wa makaa, safari hii Yesu mwenyewe ndiye aliyeuwasha. Nadhani Petro alipousikia moshi ule moyo ulimshtuka. Mazungumzo yao mazito yangekuja, tena mara tatu, lakini si kwanza. Wanafunzi walikuwa wamekesha wakivua, wamelowa, wana njaa. Juu ya makaa palikuwa na samaki, na mkate. Naye akawaambia, "Njoni mfungue kinywa."